Kabla hujalipia zulia la Iran, lipindue

Wiki iliyopita dada mmoja wa mtaa wa Kisasa alinitumia picha ya zulia jekundu lenye maumbo ya pembe nane. Muuzaji anataka milioni moja na nusu kwa kuwa "ni la Iran". Je, anunue? Nilikaa na ile simu muda mrefu, maana zulia kama lile liliwahi kunitoa machozi.

Mwaka 2019 serikali inahamia hapa Dodoma, nyumba zinaota kila kona, nami nikachukua mkopo wa kikundi nikaenda Dar kununua mazulia. Nikaambiwa, "Hili ni Bukhara la Iran." Nikamuuzia mama mmoja wa Area D kwa bei ya Iran. Haukupita muda, mgeni wake aliyewahi kuishi Tehran akapiga goti, akakunja kona, akasema: limefumwa Pakistan. Nilirudisha hela yote, na mkopo nikaumalizia kwa kuuza cherehani. Cherehani nilishanunua nyingine. Lakini jinsi yule mama alivyonitazama mlangoni, hilo bado linaniuma.

Ndipo nikajifunza. Bukhara ni mji wa Uzbekistan. Mazulia ya Waturkmeni, watu wa Asia ya Kati, yaliuzwa sana pale, yakabaki na jina la soko. Leo Pakistan wanafuma mtindo huohuo kwa wingi, hasa Lahore. Jina la mtindo silo jina la nchi, ndugu zangu! Muuzaji akitaja jina zuri, wewe pindua zulia.

Kunja manyoya uangalie mashina. Fundo likikumbatia nyuzi mbili za mtande, yaani zile za urefu wa zulia, na ncha zote mbili zikatokea katikati, hilo ni fundo la Kituruki. Likizunguka uzi mmoja tu na kupita chini ya wa pili, ni la Kiajemi, yaani la Iran. Ila usikimbilie kuhukumu: Tabriz iko Iran na wanafunga la Kituruki, na Pakistan wanafunga la Kiajemi.

Kwa hiyo nenda kwenye tamvua, zile ncha za mtande zinazoning'inia mwishoni. Chomoa uzi mmoja, toka nje, uchome. Sufu hunuka nywele zilizoungua, pamba hunuka karatasi. Mazulia ya Waturkmeni na mengi ya Afghanistan yana mtande wa sufu. Yale ya Pakistan, kwa kawaida pamba. Niliuchoma wa lile zulia langu nikiwa nimeshachelewa: karatasi tupu.

Sasa dada yangu wa Kisasa, nimeikuza picha yako. Tamvua haikutoka ndani ya zulia, imeshonwa pembeni. Hilo karibu hakika halijafumwa kwa mkono Iran wala Pakistan, ni la mashine. Liache hapohapo dukani.