Mimi napunguza, siongezi

Mhariri, wiki hii mmetuuliza wasomaji: tuongeze nini kwenye sabuni ya kutengeneza nyumbani ili isiwashe ngozi nyeti? Mimi nasema tusiongeze kitu. Najua wengi watataja asali, maziwa, mshubiri na unga wa shayiri, na sina ugomvi nao. Ila mara nyingi kinachoikera ngozi kimeshaingia sabunini kabla ya hayo yote.

Kwanza manukato. Sisemi ya chupa za dukani tu. Hata mafuta ya karafuu, mdalasini au mchaichai huwasha vizuri sana, asili au si asili. Rangi nayo sioni kazi yake.

Pili, mafuta ya nazi yakizidi. Yanaleta povu zuri na kuifanya sabuni iwe ngumu, ndiyo maana watengenezaji wanayapenda, lakini husafisha mpaka yakaikomba ngozi mafuta yake yenyewe. Kwangu hayavuki asilimia 20 ya mafuta yote. Sehemu kubwa naiachia zeituni, ambayo ni pole, ingawa povu lake ni hafifu na lina utelezi. Mbarika kidogo huliinua.

Kipimo changu ni hiki: zeituni gramu 700, nazi 200, mbarika 100, kostiki soda (alkali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni) 133 na maji 270. Hiyo 133 sikuiokota. Kila gramu ya mafuta inahitaji kiasi chake cha kostiki: zeituni kama 0.135, nazi 0.18, mbarika 0.128. Ukijumlisha unapata kama gramu 143, nami nimepunguza takriban asilimia 7 makusudi, ili mafuta kidogo yabaki bila kugeuka sabuni. Upole wa sabuni umejificha hapo, kwenye hesabu. Ukibadilisha mafuta hata aina moja, piga upya, na upime kwa mizani. Anayepima kwa kikombe sitaki sabuni yake, hata ya zawadi.

Kostiki ndiyo inayotiwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye kostiki. Maji yatachemka kwa joto la ghafla na mvuke wake unakaba koo, kwa hiyo dirisha liwe wazi, glavu mkononi, miwani ya kinga machoni, watoto mbali. Alumini isikaribie kabisa, maana kostiki huila na kutoa gesi ya haidrojeni inayoshika moto. Tumia chuma cha pua au plastiki ngumu. Kostiki ikikurukia, osha kwa maji mengi yanayotiririka. Habari za kuiua kwa siki achana nazo.

Joto likishuka, mimina maji hayo ya kostiki kwenye mafuta ukoroge. Utaona rangi inafifia na rojo linakuwa zito kama uji. Inua mwiko: tone likidondoka na kuacha mchirizi juu badala ya kuzama mara moja, ni wakati wa kumimina kwenye kalibu. Baada ya siku moja au mbili kata vipande, uvipange penye hewa kwa wiki 6. Huu ndio mtihani kwa wenye haraka. Sabuni changa ina maji mengi, huyeyuka upesi, na ukali wake haujatulia.

Hata ikikomaa, ianze ndani ya mkono karibu na kiwiko, siku kadhaa, kabla ya kuipeleka usoni. Tena tusidanganyane: sabuni halisi ina pH (kipimo cha asidi na alkali) ya 9 hadi 10, wakati ngozi iko karibu na 5. Wapo ambao ngozi yao haivumilii alkali kabisa, na kwao hakuna kipimo cha mafuta kitakachosaidia. Mwenye pumu ya ngozi iliyochachamaa amwone daktari kwanza, aulizie visafishaji visivyo na sabuni. Vipande vyake vikae tu kwenye rafu; vinazidi kuwa vigumu.