Binti anayetaka kwenda utafiti wa nyota likizo ya kiangazi: mruhusu, na haya ndiyo atakayoyakuta

Mzee wangu, shikamoo. Wadau wengine, salamu zenu.

Nimeusoma uzi huu tangu juzi na majibu mengi naona yanasema binti atafute kazi ya maana, nyota hazilipi kodi ya nyumba. Umeeleza kwamba yuko mwaka wa pili, anasoma fizikia huko Pennsylvania, ana kadi ya kijani, na likizo ya mwaka jana alifanya kazi ghalani akawasaidia nyumbani. Sasa anataka kuomba wiki kumi za utafiti wa falaki, nawe unauliza mambo mawili: nani atamlipa, na akitoka huko atakuwa na nini mkononi. Mimi nilipita njia hiyo hiyo, na kadi kama yake, kwenye kituo cha darubini cha Green Bank, West Virginia. Kwa hiyo nitakujibu kwa niliyoyaona.

Tuanze na pesa. Analipwa. Nyingi ya programu hizi Marekani zinafadhiliwa na Mfuko wa Taifa wa Sayansi, NSF, kupitia REU, mpango wa kuwapa wanafunzi wa shahada ya kwanza uzoefu wa utafiti, ulioanza 1987. Mwongozo wao ulikuwa posho ya karibu dola 600 kwa wiki, baadaye ukapanda hadi karibu 700, na mara nyingi malazi na nauli vinalipwa kando. Sharti lao ni kwamba mwombaji awe raia au mkaazi wa kudumu, na awe bado hajamaliza shahada ya kwanza. Binti yako anatimiza yote. Ghalani, akifanya saa za ziada, anaweza kupata zaidi, sibishi. Ila ghalani chumba, chakula na usafiri vinatoka mfukoni mwake. Fanyeni hesabu pamoja ya kinachobaki, si ya kinachoingia.

Sasa hili la "kwenda kutazama nyota" alilosema mdau mmoja hapo juu. Green Bank hakuna anayeweka jicho kwenye darubini. Ile kubwa ni darubini ya redio, yaani inanasa mawimbi ya redio ya kutoka angani badala ya mwanga: sahani yenye upana wa mita 100 kwa 110, kimo chake kama mita 148, uzito karibu tani 7,700, na mzigo wote huo unageuka kufuata kitu angani. Inafanya kazi mchana na usiku. Iliyokuwepo kabla yake, ya futi 300, ilianguka yenyewe usiku wa tarehe 15 Novemba 1988, bahati njema hakuna aliyeumia. Hii ya sasa ilizinduliwa mwaka 2000.

Mawimbi yanayotoka huko juu ni hafifu mno, ndiyo maana tangu 1958 eneo la kilomita za mraba kama 34,000 kuizunguka limewekewa masharti ya utulivu wa redio. Pale kituoni simu ya mkononi haishiki. Karibu na darubini huingia magari ya dizeli tu, kwa sababu plagi za injini ya petroli hutoa cheche na kila cheche inarusha mawimbi ya redio. Mama yangu alihangaika mwanzoni maana alizoea kunipigia WhatsApp kila jioni. Tukarudi kwenye simu ya mezani, kwa saa maalumu. Nakuambia mapema ili na wewe usije ukadhani mtoto kapotea.

Kazi yenyewe nieleze kwa kirefu, kwa sababu ndiyo jibu la swali lako la pili.

Mradi wangu ulikuwa kutafuta pulsa katika data zilizokwisha kurekodiwa. Pulsa ni mabaki ya nyota kubwa iliyolipuka: uzito unaozidi wa jua letu umebanwa ndani ya tufe la kilomita ishirini na kitu, nalo linazunguka, mengine mamia ya mara kwa sekunde. Kila mwali wake wa redio unapotupitia, tunapata pigo moja. Pigo hilo njiani hukutana na elektroni zilizotapakaa kati ya nyota, nazo huyachelewesha masafa ya chini (yaani mawimbi yenye mitetemo michache kwa sekunde) kuliko ya juu. Kwa hiyo pigo lililotoka mbali kweli hufika limepinda, masafa ya juu yakitangulia na ya chini yakifuata. Rada ya uwanja wa ndege au mtambo wa hapa hapa duniani kwa kawaida hauna mpindo huo. Programu ya kompyuta inajaribu maelfu ya mipindo na maelfu ya vipindi vya mzunguko, halafu inakupa michoro, rundo kwa rundo. Wewe unakaa kuitazama. Ni kama kuchagua mchele kwenye ungo: mwanzoni huoni kitu, baadaye jicho lenyewe linaikimbilia chuya.

Mchoro mmoja ulitupa moyo, mimi na mwenzangu tuliyegawana naye data. Mapigo safi, yamejipanga, yanadumu rekodi nzima. Msimamizi wetu aliutazama, hakusema ndiyo wala hapana. Alituambia tujaribu kuuvunja. Tukakaa nao jioni nzima. Tukaona unarudi mara 30 kwa sekunde, thelathini kamili, kwenye saa ya hapa duniani kabla ya kuondoa athari ya mwendo wa dunia kulizunguka jua. Kitu cha angani hakina sababu ya kwenda sawa na saa zetu. Na 30 ni nusu ya 60, ambayo ndiyo idadi ya mizunguko ya umeme wa Marekani kwa sekunde. Ilikuwa mashine fulani iliyochomekwa mahali. Tulimrudia msimamizi na sababu tatu zilizoandikwa, akafurahi kuliko ambavyo angefurahi tungemwambia tumepata nyota mpya.

Mzee wangu, hilo ndilo analokwenda kufundishwa. Darasani swali lina jibu nyuma ya kitabu. Pale msimamizi mwenyewe hajui jibu, na anakulipa umsaidie kulitafuta. Kuna wanafunzi wenye alama za juu kabisa ambao wakikosa jibu kwa siku mbili wanavunjika. Kuna wenye alama za kati ambao ndipo wanapochanua. Huwezi kujua binti yako ni yupi mpaka akae kwenye kiti kile, na ni heri ajue akiwa mwaka wa pili kuliko baada ya kuingia miaka mitano au sita ya uzamivu.

Wala msidhani wanafunzi wanapewa makombo. Pulsa ya kwanza kabisa iligunduliwa 1967 na binti, Jocelyn Bell, mwanafunzi wa uzamivu Cambridge, akipitia karatasi za chati kwa macho. Na huko huko West Virginia, mwanafunzi wa shahada ya kwanza, David Narkevic, alikuwa anapekua data za zamani za darubini ya Parkes ya Australia chini ya msimamizi wake, mwanafalaki Duncan Lorimer. Katika rekodi ya 2001 kulikuwa na mpasuko mmoja wa redio, chini ya milisekunde 5, uliopinda kupita kiasi, yaani umetoka mbali sana nje ya galaksi yetu. Makala ilitoka 2007, jina la Narkevic likiwemo. Kutokana na mpasuko ule limezaliwa tawi zima la utafiti, na mwaka 2023 Lorimer na wenzake Maura McLaughlin na Matthew Bailes walipewa Tuzo ya Shaw, tuzo kubwa ya kimataifa ya sayansi. Data zilikuwa zimekaa miaka. Alihitajika mtu wa kuzipitia kwa subira.

Tulikuwa pia na darubini ndogo ya futi 40 ya kujifunzia. Hiyo haigeuki kufuata nyota. Unaiinua au kuishusha, halafu unaisubiri dunia ikuzungushie anga. Unaiweka kwenye megahezi 1420, masafa yanayotolewa na gesi ya haidrojeni angani, na mkono wa galaksi yetu unapopita juu yako unaona mstari wa chati ukipanda. Mholanzi van de Hulst aliyatabiri masafa hayo mwaka 1944, Ewen na Purcell wa Harvard wakayanasa 1951, na antena yao yenye umbo la pembe ipo pale pale, unaweza kuigusa. Nilipouona ule mstari ukipanda nilitoka nje kutazama juu ingawa nilijua hakuna cha kuonekana. Kama binti ana roho ya mambo haya, ataelewa.

Akitoka atakuwa na nini? Atajua Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, ya kazini, si ya mazoezi. Atajua kutumia kompyuta ya mbali bila kipanya, kutunza data kubwa, kusema "nina uhakika kiasi hiki" na kuonyesha hesabu yake. Ataandika ripoti na kusimama mbele ya watu kuitetea. Wengi huenda Januari kwenye mkutano mkubwa wa Jumuiya ya Wanafalaki wa Marekani na bango la kazi yao, na pale wanakutana na watu wa vyuo wanavyotaka kuomba baadaye. Katika kundi letu wapo walioendelea na uzamivu, yupo anayefundisha sekondari. Mimi sikubaki kwenye falaki; nafanya kazi ya kuchuja ishara za mashine za hospitali, na kwenye usaili walichoniuliza zaidi ni ile habari ya mapigo 30.

Kuhusu kuomba. Tarehe za mwisho nyingi huwa mwishoni mwa Januari au mwanzoni mwa Februari, hivyo maandalizi ni Novemba. Barua za walimu za kumpendekeza aziombe kabla chuo hakijafunga Desemba, kwa walimu wanaomjua kwa sura na kwa kazi, si kwa profesa mwenye jina kubwa ambaye atamtafuta kwenye orodha. Asiombe sehemu moja. Kuna vituo vya falaki ya redio vya Charlottesville na Socorro, kuna kituo cha Haystack cha chuo cha MIT, kuna Taasisi ya Space Telescope kule Baltimore, kuna kituo cha Maria Mitchell kwenye kisiwa cha Nantucket, kilichopewa jina la mwanamke aliyegundua nyota yenye mkia (kometi) mwaka 1847. Programu hufunguka na kufungwa kufuatana na bajeti, kwa hiyo asome tangazo la mwaka husika.

Barua yake mwenyewe isianze na "tangu utotoni nilivutiwa na nyota". Wasomaji wanaikuta sentensi hiyo kwenye kila barua. Aandike alichofanya: jaribio gani la maabara lilimsumbua na alifanyaje, programu gani ndogo ameiandika, swali gani linamkera. Na ile kazi ya ghala asiifiche! Wapo vijana wetu wanaona aibu kuiandika. Mtu aliyefika kazini alfajiri kiangazi kizima, akahesabu mizigo bila kukosea na bado akafaulu masomo, ndiye mtu utakayemwamini na rundo la michoro. Aandike wazi pia kwamba anasaidia familia. Kama hajawahi kufanya utafiti wowote, hilo si kizuizi, programu hizi zimetengenezwa hasa kwa wasiopata nafasi hiyo chuoni kwao.

Kwa waliouliza wakiwa Dar, Nairobi au wako Marekani kwa viza ya mwanafunzi: fungu la NSF haliwahusu, msipoteze usiku wenu pale. Angalieni Uholanzi, ambako Leiden ina programu ya kiangazi iitwayo LEAPS, na kituo cha ASTRON kule Dwingeloo kina yake, zote zimekuwa zikipokea waombaji kutoka nje ya Ulaya. Walioko Kenya wafuatilie DARA, mafunzo ya falaki ya redio yaliyoanza kwa ufadhili wa Uingereza. Kenya ni mojawapo ya nchi nane za Afrika zinazoshirikiana na Afrika Kusini kwenye SKA, mradi wa kimataifa wa darubini kubwa ya redio. Mafunzo hayo ya DARA huwalenga zaidi waliokwisha hitimu, kwa hiyo mwenye shahada ya fizikia au uhandisi aliyekaa nyumbani asijione amechelewa.

Mzee wangu, ushauri wangu ni kwamba mwache aombe, na kazi ya ghala asiiache mpaka apate barua ya kukubaliwa. Majibu huanza kutoka Februari na Machi, atakuwa na muda wa kuamua. Akimaliza kuandika barua yake anitumie ujumbe humu, nitaisoma kabla hajaituma.