Kwa Anayekwenda Kufanya Mafunzo ya Vitendo Kwenye Karakana ya Mikono Bandia

Mwanafunzi wa uhandisi anayepata nafasi kwenye karakana ya mikono bandia ya kielektroniki huvutiwa kwanza na vidole, yaani mota, gia na nyuzi zinazovikunja (sisi tulitumia mshipi wa kuvulia, ambao Mwanza haukosekani). Hata hivyo, kwa niliyoyaona, sehemu inayoamua kama mkono utavaliwa au utabaki kabatini ni ile inayogusa ngozi.

Mkono huo huongozwa na umeme hafifu wa misuli ya kigasha mtu anapoikaza, umeme ambao ukipimwa juu ya ngozi ni wa milivolti chache tu, na sehemu yake kubwa iko kati ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 20 na 500. Umeme wetu wa majumbani ni wa hezi 50, kwa hiyo huingilia humo humo. Ndiyo maana nakushauri upime kwa betri, chaja ya kompyuta ikiwa imechomolewa, kabla hujailaumu programu. Jasho nalo lina vituko vyake: jua la Kirumba, huko Mwanza, likishapanda, vihisi vinavyopima umeme huo juu ya ngozi, vilivyosoma vizuri asubuhi, huanza kuyumba, na kiganja hufunguka ilhali mwenyewe amekusudia kukifumba. Matokeo hayo usiyafute. Yaandike pamoja na saa na hali ya hewa.

Kipimo kinachojulikana cha kuhamisha vipande vya mbao vya sentimita 2.5 kuvuka kizuizi kwa dakika 1 kifanye, kwa kuwa hukuwezesha kulinganisha matokeo na ya wengine, ila usiishie hapo, maana mbao ni kavu na hazitelezi. Mvuvi mmoja aliyevihamisha vipande hivyo bila shida alishindwa kumshika sato mbichi, ambaye alichomoka vidoleni mara kwa mara mpaka tulipozivisha ncha za vidole mpira laini. Huyo huyo aliuliza kama mkono unaweza kuingia majini, akajibiwa hapana. Jibu la namna hiyo mtu apewe siku ya kwanza, kabla hajapimwa. Plastiki ya PLA, inayopendwa kwenye printa za 3D, hulegea joto likikaribia nyuzi 60 za Selsiasi, kwa hiyo ijaribu kwa kikombe cha bati chenye chai ya moto.

Kabla ya kukubali nafasi, uliza kama karakana ina mtaalamu wa viungo bandia, kama wale wanaofundishwa TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia kule Moshi, na kama watumiaji huitwa tena baada ya wiki kadhaa. Pasipo hayo mawili, mimi ningetafuta kwingine, hata kama mashine zao ni mpya.