Mpe uhusika aliyekuwa anatafuta ndala

Vijana wanaotaka kutengeneza filamu ya mambo ya anga yenye vichekesho hunipigia simu mara kwa mara, na karibu wote huanza na swali moja: tumpate wapi mchekeshaji? Nimechagua waigizaji wa jukwaani na wa filamu fupi hapa Mwanza kwa miaka mingi, Nyegezi, Kirumba, hadi ng'ambo Ukerewe, na kosa lililonigharimu kuliko yote lilianzia kwenye swali hilo hilo. Kwa hiyo, wadogo zangu, naanza na kosa.

Tulikuwa na hadithi ya kusikiliza, iliyotengenezwa na wanafunzi, ikawa inapita simu hadi simu kwa vipande vya dakika sita sita. Mvuvi wa dagaa yuko ziwani usiku, taa zimewaka, mara mtumbwi wote unanyanyuliwa juu na chombo cha anga. Watu waliipenda mno. Makondakta wa daladala walikuwa wanaikariri neno kwa neno. Wenyewe walipoturidhia tuifanye filamu, uhusika wa mvuvi nikampa mchekeshaji anayejulikana mji mzima. Siku mbili za kwanza kila mtu nyuma ya kamera alikuwa anashika mbavu. Tulipokaa jioni kuangalia tulichorekodi, kimya. Yule bwana alijua kwamba mambo yale yanachekesha, na macho yake yalikuwa yanatuambia hivyo kila sekunde. Chombo kinashuka juu ya ziwa, naye anatukodolea sisi macho, wakati mtumbwi wake, ambao ndio mali yake yote duniani, unapaa.

Ilinichukua muda kuelewa. Mchekeshaji wa jukwaani kazi yake ni kuvuta watu. Nenda Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma, wakati wa mashindano ya Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana, uone: anayeshinda ni yule ambaye umati umehamia upande wake, kwa hiyo kila mchezaji anafanya juu chini asiachwe peke yake. Ni ufundi mkubwa, nami nauheshimu. Lakini kamera imeshakuja yenyewe na imekaa pale pale, haihitaji kuitwa. Na hadithi ya anga ina maajabu ya kutosha ndani yake. Mwigizaji akirundika maajabu yake juu ya hayo, mtazamaji anakosa pa kuweka mguu.

Anayetakiwa ni mtu anayeamini.

Mfano ninaourudia kwa kila anayeanza ni The Hitchhiker's Guide to the Galaxy, hadithi ya anga yenye vichekesho ya Mwingereza Douglas Adams. Ilianza kama mchezo wa redio, BBC Radio 4, tarehe 8 Machi 1978. Mwaka 1979 ikawa kitabu, 1981 ikaingia kwenye televisheni, na filamu ya sinema ikatoka 2005, miaka minne baada ya Adams kufariki. Yaani wapenzi wake walikuwa na miaka 27 ya kuizoea. Arthur Dent, mhusika mkuu, kwa wengi wao alikuwa na sauti ya Simon Jones, aliyemwigiza redioni na kwenye televisheni, na ambaye Adams alikuwa anamfikiria hasa wakati anaandika. Sasa wewe umekabidhiwa kazi hiyo. Unamtafuta nani?

Walimchukua Martin Freeman, ambaye Waingereza walikuwa wamemzoea akiigiza mfanyakazi wa kawaida wa ofisini. Uso wake unajua kusikiliza jambo lisilowezekana kana kwamba ni bili ya maji. Na ndicho uhusika ule unachotaka. Arthur anaamka asubuhi, yuko na nguo za kulalia, anakuta katapila nje: nyumba yake inabomolewa kupisha barabara. Muda si mrefu dunia nzima inabomolewa kwa sababu ile ile, kupisha njia ya vyombo vya anga. Mtu wa Mwanza haelezwi zaidi. Sote tumewahi kuona ukuta wenye alama ya X kwa rangi nyekundu, na tunajua mwenye nyumba anavyosimama akiutazama.

Kutokana na hapo nilipata zoezi ambalo sijaliacha hadi leo. Namwambia anayekuja kwenye usaili: umeamka, ukuta wako una X, katapila linanguruma, na msimamizi ana karatasi mkononi. Una dakika tatu. Sikuandikii maneno.

Siku moja tuko Mabatini, watu kama thelathini. Wengi walipiga kelele. Wengine walijilaza chini, wengine walilia, wawili walimtukana msimamizi vizuri sana. Akaja kijana anayetengeneza simu. Alitoka mlangoni, mlango ambao haupo, akiwa na ndala moja mguuni, akaanza kutafuta ya pili. "Ngoja kwanza bosi, nakuja, nakuja," huku anainama kuchungulia uvunguni. Msimamizi anasoma karatasi, yeye anaitikia "eeh, eeh" na mkono unapapasa chini. Akaipata. Akaikung'uta mchanga, akaivaa. Ndipo aliposimama akauona ukuta. Hakusema kitu. Alipeleka kidole akaigusa ile X, akakitazama kidole kama rangi imeganda au bado mbichi.

Watu walicheka kwenye ndala. Kwenye kidole hakucheka mtu. Uhusika wa mvuvi ulipata mwenyewe pale pale.

Angalieni alichokifanya, maana ndicho mnachotakiwa kukitafuta. Alikuwa na hitaji lake dogo, la kweli, linalogombana na janga kubwa. Hakushindana na katapila kwa kelele. Na alimsikiliza msimamizi hata alipokuwa hamtazami. Nikikaa kwenye usaili sasa, nusu ya muda naangalia mikono: mtu anayeamini, mikono yake huwa na kazi.

Jambo la pili ni kusoma maandishi yenyewe badala ya kumbukumbu za wapenzi wa hadithi. Ford Prefect, rafiki wa Arthur, kwenye filamu ya 2005 aliigizwa na Mos Def, mwanamuziki mweusi wa Marekani. Mtu angesema Ford ni Mwingereza. Si Mwingereza. Hadithi inasema wazi kwamba ametoka sayari iliyo karibu na nyota Betelgeuse, anajifanya tu mtu wa Guildford, mji wa Uingereza. Kisha kuna yule samaki mdogo anayetiwa sikioni na kutafsiri lugha zote za ulimwengu. (Nikisimulia hapa lazima niulizwe kama ni dagaa au furu.) Samaki huyo anamfungua mikono mchagua waigizaji: kama kila kiumbe anaeleweka kupitia sikio la msikilizaji, basi lafudhi yoyote ni halali.

Nasisitiza hili la lafudhi kwa sababu nimeona likiharibu kazi nyingi za huku kwetu. Mwandishi akikosa kichekesho, anamleta mtu mwenye lafudhi ya Kisukuma, apotee mjini, achekwe. Msifanye hivyo. Ni dharau kwa wazee wetu na ni uvivu wa kazi. Kwenye filamu yetu nahodha wa chombo cha anga alikuwa mzee wa Magu, anaongea taratibu, lafudhi yake nzito vile vile alivyozaliwa nayo. Alisema "Tumekuja kuwachukua" kwa sauti ya mtu anayetoa maelekezo msibani. Nywele zilinisimama. Wale viumbe wa sayari nyingine wakawa na uzito ambao Kiswahili cha redioni kisingewapa.

Roboti anahitaji watu wawili, na msimtafute mmoja anayeweza yote. Marvin, roboti mwenye akili nyingi na huzuni isiyokwisha, kwenye filamu ile mwili ni wa Warwick Davis, aliyekuwa ndani ya vazi, na sauti ni ya Alan Rickman. Sisi vazi letu lilikuwa la madebe na sponji, na joto la Mwanza mnalijua. Tulichagua kijana mvumilivu, anayejua kusema mapema kwamba sasa naishiwa pumzi, na kila baada ya dakika kumi na tano tulimvua, apende asipende. Uvumilivu na ukweli huo viwe sifa ya kwanza, mwendo utafundishika.

Sauti tuliipata bila kuitafuta. Mama mmoja muuza samaki wa kukaanga alimsindikiza binti yake kwenye usaili. Binti hakufanikiwa. Mama akapigiwa simu na mteja, akaanza kumhesabia madeni yake moja moja, sauti ya chini, bila hasira, kama mtu aliyechoka tangu dunia iumbwe. Nilimfuata mpaka nje. Tulimrekodi chumbani, dirisha limezibwa kwa godoro, kwa sababu jirani alikuwa na kuku na bodaboda hazikatiki. Hakuwahi kuigiza maisha yake yote. Nilimwambia tu: mama, wahesabie.

Ukitaka watu kama hao wa ziwani, angalia mwezi kabla hujapanga tarehe. Dagaa huvuliwa usiku wa giza. Ukiita usaili Mwaloni, kwenye soko la samaki, kipindi cha giza, wavuvi wamelala mchana na kina mama wako kwenye kuanika na kupakia. Subiri mbalamwezi, watakuja na watakuwa na nafasi ya kukaa.

Wapenzi wa hadithi watauliza kwa nini sauti waliyoizoea haionekani kwenye sura waliyoletewa. Kijana aliyekuwa sauti ya mvuvi wetu kwenye simu alikuwa mwanafunzi wa miaka ishirini na kitu mwenye sauti ya mzee wa hamsini. Sikioni alikuwa mvuvi, machoni asingekuwa. Lakini huwezi kumtupa. Simon Jones alipewa sehemu fupi kwenye filamu ya 2005, na vazi la zamani la roboti wa televisheni linaonekana limesimama kwenye foleni mahali fulani, kwa ajili ya wanaojua. Wetu tulimpa uhusika wa mkaguzi wa leseni za uvuvi, sentensi nne. Siku ya kuonyesha, alipofungua tu mdomo, makondakta waliokaa nyuma walishangilia kama timu imefunga.

Kuhusu mhusika wa kike: muswada ukisema "mrembo" na usiseme kingine, urudishe kwa mwandishi kabla hujaita dada yeyote. Trillian wa ile hadithi ya Kiingereza ni msomi wa hisabati na fizikia ya nyota. Muswada wetu wa kwanza ulikuwa na dada wa kusimama na kushangaa. Tukaomba apewe kazi, akawa fundi wa injini za mitumbwi, na ghafla waliokuja kuomba nafasi ile walikuwa na kitu cha kuigiza.

Na hapa naomba mnisikilize vizuri. Usaili hufanyika mchana, mahali penye watu, mlango wazi, mkiwa wawili au zaidi upande wenu. Si gesti, si usiku, si "njoo tuzungumze kidogo". Anayedai ngono ili atoe uhusika anatenda rushwa kwa mujibu wa Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, hata kama analiita jina gani. Mtoto aje na mzazi au mlezi. Mtu mliyemwita kwa mara ya pili mpeni nauli, hasa anayetoka Buhongwa au anayevuka kwa kivuko. Vibali vya Bodi ya Filamu na ridhaa ya maandishi ya mwenye hadithi vishughulikieni kabla ya yote haya. Sitarefusha hapo.

Usimchague mtu peke yake. Ukibakiwa na watu sita, waweke wawili wawili na uwape kazi ya mikono. Mimi huwapa benchi refu walibebe kutoka chumba hadi chumba huku wanasema maneno yao. Wanaosikilizana hulipitisha mlangoni bila kulitaja. Wasiosikilizana hugonga fremu, na hata maneno yao huwa yanagongana hivyo hivyo. Arthur na Ford wakikosa hilo hakuna hadithi, hata kama kila mmoja peke yake ni hodari.

Waliokosa nafasi wapigie simu wewe mwenyewe, kila mmoja. Mwanza si kubwa. Yule mchekeshaji sikumpigia, nilimfuata nyumbani kwake, maana nilikuwa namwondoa kwenye kazi aliyokwisha kuianza, na kosa la kumpanga pale lilikuwa langu. Alikasirika, ilikuwa haki yake. Kisha akaomba aone tulichorekodi. Nilikuwa nacho kwenye simu. Aliangalia mara mbili bila kusema neno, mara ya tatu akaisimamisha pale chombo kinaposhuka.

"Sikuutazama mtumbwi," alisema.

Mwaka uliofuata alikuja mwenyewe kwenye usaili wa kazi nyingine, akakaa kwenye foleni kama wengine. Nilimpa zoezi la ukuta.