Chuma kinakuponyoka kabla mgongo haujachoka? Mimi nilifanya hivi

Mkuu, umesema ukifika kilo 110 kwenye dedilifti (kunyanyua chuma chenye uzito kutoka sakafuni hadi usimame wima) vidole vinafunguka ilhali miguu na mgongo bado vinadai, na kwamba umebana ile springi ya mkononi miezi miwili bila kuona tofauti. Nilikwama hivyohivyo. Kwangu ilikuwa kilo 120, na nilikaa hapo karibu mwaka mzima. Leo nanyanyua 150 mikono mitupu, kwa hiyo nivumilie kwa urefu, maana jambo hili lilininyima raha sana.

Springi haina ubaya, ila inakufundisha kufunga mkono. Unachokosa wewe ni kubaki umefunga wakati kitu kizito kinakuvuta kukufungua, na hiyo ni kazi nyingine kabisa. Mjomba wangu alikuwa mvuvi Kilwa Kivinje, mtu mwembamba, lakini akikushika mkono huchomoki. Miaka yote alikuwa akivuta kamba za nanga na nyavu zilizolowa. Vidole vyenyewe karibu havina misuli. Vinavutwa na kano ndefu zinazotoka kwenye misuli ya kigasha, kati ya kiwiko na kiganja. Huko ndiko kamba ilikomjenga mjomba, na huko ndiko utakakojengeka wewe.

Kabla ya zoezi lolote, angalia chuma kinakaa wapi mkononi. Wengi tunakikumbatia katikati ya kiganja kwa sababu hapo tunahisi tumeshika vizuri. Kikiachana na sakafu, uzito unakivuta, kinashuka hadi kwenye mashina ya vidole, na kinaposhuka kinakunja ngozi mbele yake. Ndiyo maana sugu zinachanika. Kidole kidogo kinafunguka kwanza, kinafuata cha pete, halafu unabaki umening'iniza mzigo kwa vidole viwili. Kwa hiyo kiweke tangu mwanzo palepale kitakapoishia: kwenye mstari ambapo vidole vinaungana na kiganja. Kunja vidole, kisha kidole gumba kipite juu ya cha shahada na cha kati. Utahisi kama umeshika kidogo mno; nyanyua hivyohivyo. Badiliko hili peke yake lilinipa kilo 5 wiki ileile. Sugu nazo zisugue kwa jiwe la miguu baada ya kuoga, zikiwa laini. Ile iliyoinuka ndiyo inayobanduka.

Halafu kuna chuma chenyewe. Jimu niliyoanzia Temeke ilikuwa uani kwa mtu, chuma ni bomba la maji, ncha zake makopo ya rangi yaliyojazwa zege. Nene na laini. Chuma cha mashindano ya Olimpiki kina unene wa milimita 28 kwa wanaume na 25 kwa wanawake, na pale pa kushika kimechongwa vimeno vidogo vinavyokwaruza. Ukishika bomba nene lisilo na vimeno, huenda mkono wako si dhaifu kama unavyodhani. Mimi siku niliyohamia jimu yenye chuma halisi nilishangaa.

Jasho usilidharau, hasa kwa joto la Dar la Februari. Chaki ya wanyanyuaji ni magnesiamu kaboneti, siyo ile ya ubaoni. Na tafadhali usipake poda ya mtoto! Nimewaona vijana wengi wakijipaka wakidhani inakausha, inatelezesha. Kama chaki huna, futa mkono na chuma kwa taulo kavu kila seti.

Sasa mazoezi. Nilifanya mara mbili kwa wiki, mwisho wa tizi, dakika kama 15. La kwanza ni kuning'inia kwenye chuma cha juu, mikono imenyooka, seti 3. Nilianza na sekunde 20 nikawa naongeza 5 kila wiki hadi nikafika dakika moja. Hapo nikafunga khanga mbili kuukuu juu ya chuma na kuning'inia kwa kushika kitambaa. Sekunde 10 za kwanza zilinitoa jasho kuliko dakika nzima ya chuma.

La pili ndilo lililonibadilisha kweli: madumu. Dumu la lita 20 likijaa maji ni kilo 20 na ushee, moja kila mkono, unatembea. Maji yanacheza ndani, dumu linayumba, mkono haupati nafasi ya kulala. Nilikuwa natembea kutoka bombani hadi mlangoni kwetu, kama mita 40, napumzika, narudi, safari 4. Kina mama wa mtaani walinitazama, maana hiyo kwao ni kazi ya kila asubuhi. Yakizoeleka, yajaze mchanga; uzito unapanda vizuri sana, ila kagua mshikio usije ukakatika.

Zoezi la kufinya sahani mbili za uzito, zile zinazochomekwa kwenye ncha za chuma, kwa vidole na gumba nililifanya pia. Linasaidia gumba, lakini kwa tatizo lako si la haraka.

Usisahau kufungua mkono. Chukua raba bendi, zungushia vidole vyote vitano, vitanue mara 20 au 25. Mimi nilipuuza, tena nikawa naning'inia kila siku kwa pupa. Kiwiko upande wa ndani kikaniuma miezi miwili, hata kukamua shuka ilikuwa shida. Kano hukomaa polepole kuliko misuli, kwa hiyo kigasha kikijisikia tayari, kano bado zinakudai muda. Kiwiko kikianza kuuma, punguza siku hiyohiyo.

Kuhusu strapu, yaani mikanda ya kufunga mkono kwenye chuma, wapo watakaokuambia ni aibu. Si kweli. Eddie Hall, mnyanyuaji wa Uingereza, alinyanyua dedilifti ya kilo 500 mwaka 2016 akiwa na strapu, na Hafþór Björnsson wa Iceland kilo 501 mwaka 2020 vilevile. Nachokukataza ni kuzivaa tangu seti ya kupasha moto. Nyanyua mikono mitupu hadi mkono uanze kulegea, zivae kwa seti nzito za mwisho, ili mgongo nao upate haki yake.

Kushika kwa kugeuza kiganja kimoja mbele kunazuia chuma kuviringika na kutakupandisha leo leo, lakini ule mkono uliogeuzwa usikunje kiwiko hata kidogo. Misuli ya mbele ya mkono huchanika hapo. Mimi nilichagua kulaza gumba chini ya vidole viwili vya kwanza. Wiki tatu gumba liliwaka moto, kisha likazoea, na sijageuza kiganja tena.

Kesho ukifika jimu, pima unene wa hicho chuma kwa rula na utazame kama kina vimeno, kisha rudi uniambie unaning'inia sekunde ngapi. Nikijua hayo mawili nitakupangia wiki 6 za kuanzia.