Fremu Kwanza, Mota Baadaye: Kwa Anayeanza Kuunda Mashine ya CNC Nyumbani

Vijana wengi wanaofika kwenye karakana yangu kuomba ushauri wa kuunda mashine ya CNC, yaani mashine ya kukata inayoongozwa na kompyuta, hunionyesha kwanza mota na bodi za kuziendesha walizokwisha kununua, nami huwauliza watazifunga juu ya nini. Siwalaumu, kwa sababu mimi pia nilianzia huko. Mashine yangu ya kwanza ilikuwa na fremu ya mbao za MDF (nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi), na daraja lake, sehemu inayobeba kifaa cha kukatia, lilitembea juu ya fito za chuma za mm 12 zilizoshikwa kwenye ncha mbili tu, zikiwa na urefu wa karibu mita moja. Nilipoifungia kalamu ilichora vizuri sana. Nilipoifungia biti (kisu kinachozunguka) ya mm 6 na kuigusisha kwenye mninga, daraja lilitetemeka na kila mduara ulitoka kama yai.

Kosa lilikuwa kwenye fito. Fito iliyoshikwa kwenye ncha zake, ukiirefusha mara mbili huku mzigo ukibaki uleule, hupinda katikati mara 8 zaidi. Ndiyo maana ninamsihi anayeanza atafute reli zinazoegemezwa kwa urefu wake wote, na kama fedha haitoshi, apunguze ukubwa wa mashine kuliko kupunguza unene wa chuma. Mashine ndogo iliyo ngumu itakulipa mapema kuliko kubwa inayoyumba.

Ukichagua fremu ya paipu za mraba, fahamu kwamba joto la kuchomelea huvuta chuma. Shika kila kona kwa nukta ndogo kwanza, kisha chomelea kidogo kidogo ukihama kutoka kona moja kwenda ile inayoikabili, na uache chuma kipoe kabla ya kupima tena. Guniamraba peke yake haitoshi kwenye fremu ya mita moja: pima ulalo kutoka kona hadi kona pande zote mbili, na usiendelee mpaka vipimo hivyo viwili vilingane. Mimi nilitumia siku tatu kwenye kazi hii katika mashine yangu ya pili, na sijawahi kuzijutia.

Hesabu ya mota ni nyepesi kuliko inavyoogopwa. Mota ya stepa iliyozoeleka hupiga hatua 200 kwa mzunguko mmoja. Draiva, yaani kifaa kinachoiendesha mota, ikigawa kila hatua katika vipande 16 unapata hatua ndogo 3,200, na kama skrubu yako husogeza nati mm 8 kwa kila mzunguko, basi ni hatua 400 kwa kila milimita. Namba hiyo ndiyo unayoiandika katika GRBL, programu inayoiongoza mashine, kwenye mipangilio inayoitwa $100, $101 na $102, mmoja kwa kila mhimili. Baada ya hapo iagize mashine isogee mm 300 na upime. Ukikuta tofauti kubwa, usikimbilie kubadilisha namba ili vipimo vipendeze. Kagua kwanza kiungo kati ya mota na skrubu, kwa maana mara nyingi bolti imelegea, na namba ya kubuni itaficha ubovu huo mpaka siku utakapoharibu ubao wa mteja.

Kuhusu umeme, kamwe usichomoe waya wa mota wakati draiva ina umeme. Niliunguza draiva mbili kwa njia hiyo kabla sijajifunza. Funga fremu kwenye waya wa ethi, tenga nyaya za spindeli (mota inayozungusha biti) na zile za swichi za mwisho wa mwendo, na uhakikishe kitufe cha dharura kinakata umeme wa spindeli wenyewe, si kutuma tu taarifa kwenye kompyuta. Swichi hizo za mwisho wa mwendo wengi huziona kama anasa, lakini umeme ukikatika katikati ya kazi, mashine hupoteza mahali ilipokuwa. Ukiwa nazo, unairudisha kwenye chanzo chake, yaani pale inapoanzia kuhesabu mwendo, na kwa kuwa GRBL huhifadhi sifuri ya kazi (mahali pa kuanzia kwenye ubao) uliyoiweka kwenye mfumo wa vipimo uitwao G54, unaendelea na ubao uleule badala ya kuutupa.

Vaa miwani na barakoa, hasa unapokata mvule, kwa kuwa vumbi lake huwasha ngozi na kusumbua mapafu. Usivae glavu karibu na biti inayozunguka.

Kazi ya kwanza isiwe nembo wala mlango wa kabati. Chukua kipande cha mbao laini, kata mraba wa mm 100 wenye mduara ndani yake, ukishuka mm 1 kwa kila pito, kisha upime. Kila ulalo kati ya ile miwili unapaswa kuwa karibu na mm 141.4; mmoja ukitofautiana na mwenzake, daraja lako halijakaa mraba na mhimili wa pili. Mduara ukiwa na vijikato pale mwendo unapogeuka, nati inacheza kwenye skrubu, na hapo unahitaji nati yenye springi ya kuondoa ulegevu huo kabla hujagusa ubao wa mninga.