Usivuke kwenda kwenye fungu la mchanga: jibu kwa anayetaka kuvua Lukuledi Jumamosi

Mleta mada, nimeacha chakula cha usiku mezani ili nikujibu. Umeandika kwamba umehamia Lindi mjini mwezi uliopita, kwamba Jumamosi hii unataka kwenda kuvua kwa mshipi karibu na mahali Mto Lukuledi unapoingia baharini, na umeuliza kuhusu fimbo ya kununua, namba ya ndoana, chambo, kibali na mahali pa kukaa. Lakini katikati ya maelezo yako kuna sentensi uliyoipitia kana kwamba ni jambo dogo: umeambiwa kwamba samaki wa maana wako kwenye mkondo, kwa hiyo maji yakipwa utavuka kwa miguu hadi kwenye fungu la mchanga, ukiwa na kijana wako wa miaka 12. Usivuke. Mvuvi wa nchi kavu hasimami mahali ambapo maji yanaweza kupita nyuma yake. Hata ukisahau mengine yote nitakayoandika hapa, hilo usilisahau.

Miaka 6 iliyopita niliambiwa maneno hayo hayo uliyoambiwa wewe, karibu neno kwa neno, na muuza zana za uvuvi mmoja. Nilikuwa nimekaa ukingoni Jumamosi tatu mfululizo bila kupata hata kitoweo cha paka. Kilichoniumiza zaidi ni mkizi. Walikuwa wakiruka mbele yangu asubuhi nzima, wengine karibu kiasi cha kunirushia maji usoni, na hakuna hata mmoja aliyegusa ndoana yangu. Methali inasema hasira za mkizi ni furaha ya mvuvi, nami niliiamini bila kufikiri kwamba mvuvi wa methali ile yuko chomboni, na mkizi akiruka humwangukia humo humo. Mkizi hula vitu vidogo vidogo anavyovifyonza kwenye tope, kwa hiyo kipande cha dagaa ulichokichomeka kwenye ndoana hakimhusu, na ndiyo maana wanaoishi kwa kumvua hutumia nyavu. Hayo sikuyajua. Nilijua tu kwamba samaki wapo, nawaona, na siwapati. Mtu aliye katika hali hiyo huwa tayari kumsikiliza yeyote atakayemwambia kwamba kosa liko mahali aliposimama.

Muuza zana akaniambia kwamba ukingoni ni pa watoto, kwamba mvuvi wa kweli huvuka hadi kwenye fungu na kutupa mshipi kwenye kina. Aliniuzia fimbo yenye gurudumu la kukunjia mshipi kwa shilingi 180,000, na nilipomuuliza Jumamosi ile maji yatapwa saa ngapi, alifungua jedwali la maji kwenye simu yake, akalitazama, akanijibu bila kusita: saa kumi na dakika ishirini. Nikaandika kwenye kiganja changu.

Jedwali lile liliandikwa 10:20. Majedwali hayo huhesabu saa kuanzia usiku wa manane, wakati sisi tunahesabu kuanzia macheo, kwa hiyo 10:20 ya jedwali ni saa nne na dakika ishirini asubuhi. Yeye aliisoma kama anavyosoma saa ya mkononi mwake na kunipa saa kumi jioni. Tofauti ya hesabu hizi mbili ni saa sita kamili, na kutoka maji yanapopwa hadi yanapojaa ni saa sita na dakika chache. Mtu akikosea kusoma jedwali kwa namna hii hatakosea kidogo. Ataambiwa maji yamepwa katika muda ule ule ambao yamejaa kabisa, na ataamini kwamba maji yanatoka wakati yanaingia. Namlaumu muuzaji yule hadi leo, kwa sababu alikuwa akiuza zana hizo kila siku, alizaliwa kando ya maji haya, na alijua kwamba naondoka pale na mtoto.

Mtoto mwenyewe alikuwa mpwa wangu, wakati huo akiwa na miaka 11. Tulifika mtoni saa sita mchana. Siku ile ilikuwa ya bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, nami sikulifahamu neno hilo isipokuwa kwa kulisikia likitajwa na watu wa pwani. Wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kupwa na maji kujaa katika pwani yetu huzidi mita 3, kwa hiyo fungu lilikuwa wazi, pana na lenye kung'aa, na kati yetu na fungu kulikuwa na mkono mwembamba wa maji uliotufika magotini. Tukavuka tukicheka. Niliamini kwamba tuna saa nne za maji kuendelea kutoka. Kweli yenyewe ni kwamba yalikuwa yameanza kuingia karibu saa mbili zilizopita.

Dalili zilikuwepo. Povu na majani makavu ya mikoko yalikuwa yakielea kuelekea bara, na mpwa wangu ndiye aliyeliona hilo, akaniuliza mbona mto unarudi nyuma. Nikamjibu kwamba ni upepo wa baharini. Mtoto alisoma maji kwa usahihi nami mtu mzima nikamkanusha, na hilo ndilo linaloniuma kuliko fedha.

Tena jambo baya lililotokea ni kwamba tulipata samaki. Kabla ya saa saba nilimtoa kelea mzuri wa kiasi cha kiganja na nusu, wa kwanza katika Jumamosi nne, na kuanzia hapo sikutazama tena nyuma. Unapaswa kufahamu kwamba maji hayajai kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza huongezeka taratibu, ya pili huongezeka zaidi kidogo, na katika saa ya tatu na ya nne huingia kwa nguvu, kiasi kwamba karibu nusu ya maji yote ya mjao ule huingia katika saa hizo mbili peke yake. Mtu aliyetazama kasi ya mwanzo akadhani ndiyo kasi ya safari yote hudanganyika vibaya. Tena fungu la mchanga lina mgongo, na mkono wa maji ulio nyuma yake uko chini kuliko mgongo huo, kwa hiyo maji hukufungia njia ya kurudi wakati miguu yako ingali mikavu. Hujioni kuwa hatarini, kwa sababu mbele yako mchanga bado upo.

Saa saba na dakika kumi mpwa wangu aliniambia ndoo inaelea. Niligeuka. Mkono wa maji tuliouvuka magotini ulikuwa umenifika kifuani, nilipojaribu kuupima, na ulikuwa ukivuta kuelekea bara kwa nguvu ambayo sikuwahi kuihisi katika maji. Nilimpandisha mtoto mabegani, nikatupa fimbo, na hatua ya tano mguu wangu ulizama katika tope hadi juu ya kifundo. Tukaanguka wote wawili. Nilimshika shati lakini yeye alikwishakunywa maji. Waliotuokoa ni watu wawili waliokuwa wakirudi na mtumbwi kutoka upande wa Kitunda, ambao walikuwa wameanza kutupigia kelele muda mrefu kabla sisi hatujawasikia.

Fimbo ilipotea, simu iliharibika, na hayo yalikwisha. Mtoto alikohoa usiku kucha, na asubuhi dada yangu alimchukua bila kunigombeza, na hakuzungumza nami hadi korosho za mwaka ule zilipouzwa. Mpwa wangu sasa ni kijana wa miaka 17 na bado hataki kuja nami mtoni. Nilipomrudia muuza zana kumweleza yaliyotokea, aliniambia kwamba bahari ni bahari, kisha akataka kuniuzia fimbo nyingine kwa bei ya chini.

Mmoja wa wale waliotuokoa ni mzee ambaye baadaye nilimtembelea kwake kumshukuru. Nilimwamkia, nikakaa, na baada ya kunisikiliza akaniambia: "Mwanangu, samaki uliyemfuata kule alikuwa njiani kuja huku ulikotoka." Maneno hayo yalinifundisha kuvua. Maji yakipwa, samaki hushuka na kukaa kwenye kina, nawe uliye ukingoni unaona tope tupu na kudhani mto umekunyima. Maji yakianza kujaa, samaki hao hao huyafuata na kuingia kwenye mikoko, chini ya mizizi, katika vijito vidogo ambavyo saa chache kabla yake vilikuwa vikavu, kwa sababu huko ndiko kuliko na kamba, kaa wadogo na chakula kingine kilichofichwa na tope. Mvuvi wa ukingoni hana haja ya kumfuata samaki. Ana haja ya kungoja, na kungoja kwenyewe kuna saa zake.

Kwa hiyo tafuta mahali pa nchi kavu ambapo njia uliyojia ndiyo utakayorudia, bila kukanyaga maji hata tone, hata maji yakijaa hadi mwisho. Tazama mashina ya mikoko: mstari wa tope hukuonyesha maji ya bamvua hufika wapi, nawe kaa juu ya mstari huo. Kabla ya kutega chambo chochote, chomeka kijiti pale pale ukingo wa maji ulipo, kisha kaa dakika kumi bila kufanya lolote. Kijiti kikizungukwa na maji, yanajaa. Kikiachwa kikavu, yanatoka. Kijiti hicho hakisomi saa, hakina simu na hakikuuzii kitu. Mimi hukichomeka hadi leo, hata siku ambazo nina hakika.

Kisha ngoja, na ujue kwamba kungoja huku kutakukera. Kaa watakula chambo chako kwa kukinyofoa kidogo kidogo, nawe utavuta ndoana tupu mara kumi katika saa moja. Mshipi utanasa kwenye mizizi na kukatwa na chaza wenye makali kama wembe, na utafunga ndoana upya huku vidole vimejaa tope. Hongwe atakuja mwanzoni, naye ni samaki wa kushikwa kwa uangalifu mkubwa, kwa kuwa miiba yake ya mgongoni na ya ubavuni ina sumu na maumivu yake hayaishi upesi. Mkizi wataruka, nawe waache waruke. Katika saa ya pili ya maji kujaa utajiona mjinga. Usihame. Mimi samaki wangu wengi, kelea na chaa na mara chache chewa mdogo, nimewapata kuanzia saa ya tatu hadi maji yanapokaribia kusimama, nikitupa mshipi si zaidi ya hatua kumi kutoka nilipokaa, kwenye mdomo wa kijito kinachoingia mikokoni. Kwa chambo, kamba mbichi amenifaa kuliko dagaa, kwa sababu hubaki kwenye ndoana muda mrefu zaidi. Maji yakisimama, samaki nao huacha kula, na hapo funga mzigo uende nyumbani.

Umetaja pia kwamba baadaye ungependa kwenda Mto Ruvuma, upande wa Kilambo au juu kule kwenye Daraja la Umoja, Mtambaswala. Huko mambo ni mengine, kwa kuwa darajani maji ya bahari hayafiki, na mto ule una mamba na viboko, kwa hiyo hupaswi hata kuchutama ukingoni kunawa mikono. Lakini kiangazi Ruvuma nao huacha mafungu mapana ya mchanga katikati, na utawaona watu wakiyaendea kwa miguu, na kanuni yangu haibadiliki kwa sababu mto umebadilika.

Narudi kwenye Jumamosi yako. Mwezi unakuwa mpevu Alhamisi, na siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu ndipo bamvua huwa na nguvu zaidi. Maana yake ni kwamba Jumamosi fungu litaonekana pana kuliko utakavyoliona siku nyingine yoyote ya nusu hii ya mwezi, litakuvutia kuliko wakati wowote, na maji yatakayolifunika yatakuwa mengi na ya haraka kuliko kawaida. Katika pwani yetu siku za bamvua maji hupwa kuelekea saa nne au saa tano asubuhi, na wewe umeandika kwamba umeambiwa yatapwa "saa 11". Tafadhali, kabla hujalala leo, mrudie aliyekupa saa hiyo, umwombe akuonyeshe jedwali lenyewe kwa macho yako, kisha uandike hapa kwa maneno kamili kama ni saa kumi na moja jioni au ni saa tano asubuhi. Nitakaa macho kusubiri jibu lako.